Historia ya Mama Skani, Aliyepelekwa Mlimani kwa Muda

Ndugu, jamaa, majirani, wafanyakazi wenzake na ninyi nyote mlioacha shughuli zenu kuja kumsindikiza dada yetu, familia inawashukuru, na inawaomba mliosimama kule nyuma msogee chini ya turubai, jua ni kali na historia hii si fupi, na yeyote aliyewahi kumpigia marehemu simu kuuliza kwa nini runinga yake haionyeshi anajua kwamba hata yeye mwenyewe hakuwa na kawaida ya kufupisha maelezo. Anayewasomea ni mdogo wake, kitinda mimba, aliyebebwa naye mgongoni mpaka umri wa kuona aibu, na kazi hii imemwangukia kwa sababu wakubwa wote sauti zimewakauka.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Aprili 1963, akiwa mtoto wa pili kati ya wanne wa dereva wa lori na mkunga wa zahanati, katika nyumba ya vyumba viwili iliyokuwa nyuma ya ghala la serikali, mvua ikinyesha na baba akiwa safarini, na mama, ambaye alikuwa amewazalisha nusu ya wanawake wa mtaa ule, siku hiyo alijizalisha mwenyewe, akimwelekeza jirani lini amshike mkono na lini amwachie. Mama alikuwa akisimulia kwamba mtoto huyo alipotoka hakulia haraka, alikunja uso kwanza, kama mtu aliyeamshwa kabla ya saa yake, na kwa jinsi maisha yake yalivyokuja kuwa, hakuna mtu katika familia aliyewahi kumbishia mama kwa hilo.

Alianza shule ya msingi mwaka 1970, shule iliyotazamana na soko, akamaliza mwaka 1976 akiwa miongoni mwa wasichana wachache wa darasa lake waliochaguliwa kuendelea, akaingia sekondari ya bweni ya wasichana kuanzia 1977 hadi 1980, ambako mwalimu wa zamu alimkuta juu ya paa la bwalo akirekebisha waya wa redio ya shule, akamchapa maneno, akampa adhabu ya kufyeka uwanja, na redio ilipokufa tena muhula uliofuata, mwalimu huyohuyo akamfuata darasani na kumwambia haya mwanangu, panda. Dada alikuwa akisema hapo ndipo alipojifunza sheria ya kwanza ya kazi yake, kwamba anayejua kupanda ndiye atakayepandishwa kila siku, na kwamba laiti angejua mapema angejifanya ana kizunguzungu.

Mwaka 1982 alijiunga na chuo cha ufundi kusomea mitambo ya mawasiliano, darasa zima wanaume isipokuwa yeye, na mkufunzi wa mafunzo ya vitendo alipomuuliza mbele ya wenzake kama ana mpango wa kupanda mlingoti na sketi, dada alikuja siku ya pili amevaa suruali ya baba ya kuendeshea lori, kaifunga kiunoni kwa kamba ya katani, akapanda hadi juu, akashuka, akauliza kama kuna swali lingine. Alihitimu stashahada mwaka 1985, na picha ya mahafali bado iko sebuleni, ni ile ambayo kila mtu anatabasamu na yeye anatazama juu, kwa maelezo yake alikuwa ameona antena imefungwa vibaya kwenye paa la jengo la utawala.

Tarehe 1 Februari 1986 aliajiriwa na shirika la utangazaji, akapangiwa karakana ya makao makuu, na hiyo miaka mitatu na ushei ndiyo aliyoitaja hadi mwisho kama miaka ya raha, alikuwa na dawati lenye dirisha, alikuwa na wenzake wa kupiga nao soga wakati wa chai, na alilala kitandani kwake kila siku iliyokwenda kwa Mungu. Kisha, mwezi Agosti 1989, fundi wa mtambo wa mkoa, ule ulioko kwenye kilima kinachoonekana kutoka hapa tulipokaa, aliteleza akavunjika mguu, shirika likamtuma dada akashike nafasi kwa muda, ofisa aliyempa barua akamshauri asibebe nguo nyingi. Akabeba begi moja. Wapendwa waombolezaji, huo muda uliisha tarehe 30 Novemba mwaka jana, 2023, na familia inataka jambo moja lijulikane wazi leo, maana wengi wenu mlidhani dada yetu alikuwa anapapenda kule juu, na wengine mlimwambia machoni kwamba ana bahati ya kukaa penye hewa safi. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Katika miaka yote hiyo alikuwa na haja moja tu, kushuka.

Kwa wale ambao hawakuwahi kufika, kituo chenyewe ni chumba cha mtambo, chumba cha jenereta, na chumba cha kulala chenye dirisha moja, vyote ndani ya uzio wa waya, na juu yake mlingoti ambao taa zake nyekundu ninyi mmezizoea kama nyota. Ndani ya chumba cha mtambo feni zinavuma mchana na usiku kwa kelele ambayo mtu hasikii hata kikohozi chake, ndiyo maana dada alikuwa akizungumza kwa sauti kubwa hata kwenye vikao vya kuposa, na wakwe wengi walitoka hapo wakidhani wamegombezwa. Umeme ukikatika awashe jenereta, mtambo ukijizima auamshe, ukungu ukishuka na unyevu ukaingia kwenye nyaya afungue, afute, akaushe, afunge, na yote hayo ayafanye kabla watu wa chini hawajamaliza kusema aah. Akifanya vizuri hakuna aliyejua kama yupo, na akichelewa kidogo mji mzima ulimjua.

Ndoa yake ilianzia palepale kituoni, mwaka 1991, wakati mlango wa chumba cha mtambo ulipovimba kwa unyevu ukagoma kufunga, akaitwa seremala kutoka mjini, akaja akapima, akaja tena akapima, akaja mara ya tatu na futi yake akapima, na hata mtu asiyejua useremala anajua kwamba mwenye kupima mlango mara tatu hapimi mlango. Walifunga ndoa tarehe 19 Desemba 1992, na sherehe ikiwa imepamba moto sauti ya runinga ya jirani ikageuka kuwa mchanga, bibi harusi akainua macho kuelekea kilimani, watu wote wakageuka kumtazama, naye akasema leo hapana, leo aniite nani, nimeolewa, akaendelea kula. Picha ilirudi baada ya saa nzima, zamu ya fundi mwingine, na mpaka leo wapo wazee mjini hapa wanaomlaumu bwana harusi kwa kukosa kipindi cha pili cha mpira.

Seremala, ambaye amekaa pale mbele na kofia yake magotini, alikuwa na karakana mjini na hakuweza kuhamia juu, kwa hiyo ndoa yao ikawa ya kupanda na kushuka, yeye akipanda na chakula, mkewe akishuka Jumamosi kama mambo ni shwari, na seremala alipoulizwa na mama yake mzazi ni ndoa ya namna gani hii, alijibu kwamba mama, mwenzako nimeolewa mitala, nina mume mwenzangu wa chuma anakaa mlimani, mrefu kunishinda na hali chakula. Watu walicheka, na yeye alicheka nao, lakini usidhani kitanda kitupu kinazoeleka. Kila mwaka dada aliandika kuomba kurudishwa makao makuu au aletewe mtu wa kumpokea, na kila mwaka alijibiwa kwamba ombi linashughulikiwa, na mafundi watatu aliowakuta kituoni wakapungua, mmoja akafariki, mmoja akahama, mmoja akastaafu, hakuna aliyeletwa badala yao.

Walijaliwa watoto wawili, binti aliyezaliwa tarehe 3 Juni 1994, ambaye sasa ni muuguzi katika hospitali iliyo mbali na hapa, na mwana wa kiume aliyezaliwa tarehe 22 Septemba 1998, ambaye ni dereva wa lori kama babu yake. Binti alijifunza kusimama kwa kushika kabati la mtambo, na alipoteremshwa mjini kwa mara ya kwanza alilia usiku kucha, wakampa maziwa, wakampa maji, wakambeba, wapi, mpaka baba yake akapata akili akaazima feni, akaiwasha karibu na kitanda, mtoto akalala palepale, kumbe kilichomliza ni ukimya. Watoto hao walilelewa na baba, na bibi, na majirani ambao wengine mko hapa, na mama yao alijua maendeleo yao kwa kusimuliwa, jambo ambalo hakuwahi kulizungumza akiwa na wageni, ila siku moja alimwambia mumewe kwamba anaujua mji mzima unatazama nini saa mbili usiku, lakini hajui wanawe wanakula nini saa mbili usiku.

Tunafika mwaka 2014, mwaka wa digitali, ambao ndio uliompa marehemu jina mnalomwita. Mwezi Desemba mwaka huo ni mkono wake yeye uliozima mtambo wa zamani, na aliporudi nyumbani Jumamosi ile macho yalikuwa mekundu, mumewe akamuuliza unalilia chuma, akasema ndiyo, nalilia chuma, kile chuma kilikuwa na adabu, kikitaka kuharibika kilikuonya, picha ilianza kwa chenga, ikaja mistari, ikaja kivuli, mtu akapata nafasi ya kukimbilia antena, lakini hii digitali haina chenga, picha inakuwa safi kabisa mpaka dakika inapotoweka. Maneno hayo aliyarudia nyumba hadi nyumba, kwa wazee waliokuwa wakigonga runinga ubavuni, kwa akina mama waliokuwa wakizungusha nguzo ya antena huku mtoto akipiga kelele dirishani bado, bado, hapo hapo, ah umepitiliza. Kwa kila mmoja alimaliza kwa kusema skani upya, yaani kiambie king'amuzi kitafute chaneli mwanzo, na watoto wa mtaa wakaanza kumpokea barabarani kwa kelele, Mama Skani, Mama Skani, akawa huyo hadi leo.

Palikuwa na kosa moja ambalo nadhani lilifanywa na mji wetu peke yake, kwa sababu sisi tunaishi miguuni pa mlingoti, na mawimbi yanatumwagikia kwa wingi kuliko tunavyohitaji, lakini mtu akikosa picha akili yake inamwambia nguvu imepungua, aongeze. Mwenye duka la vifaa vya umeme pale kona, ambaye tangu hapo tunamwita Bwana Busta na ameridhia kuitwa hivyo leo, aliwauzia karibu nyumba zote kile kifaa cha kuongezea nguvu, na nguvu ikizidi king'amuzi kinapaliwa, hakitoi kitu, kwa hiyo mwenye nyumba alirudi dukani kununua busta kubwa zaidi. Dada alikuwa akishuka mlimani na bisibisi, anazichomoa moja baada ya nyingine, picha inarudi, na Bwana Busta anauza nyingine mtaa wa pili, wakagombana hadharani, dada akamwita mnyonyaji, naye akajitetea kwamba shangazi, mteja aliyekosa picha anataka kununua kitu, ukimwambia atoe kitu anakuona tapeli. Dada alikiri nyumbani kwamba kwa hilo mwenye duka alisema kweli.

Shirika lilikuwa limeahidi kwamba mtambo mpya utajiendesha wenyewe, utatazamwa kwa kompyuta kutoka makao makuu, na fundi atarudi nyumbani. Mtambo ulijiendesha kweli, isipokuwa siku ambazo haukujiendesha, na kwa ajili ya siku hizo ikaonekana heri abaki mtu mmoja, na huyo mtu mmoja mnamjua. Akabaki peke yake, akilinda mtambo unaojilinda, na simu yake ikawa ndiyo ofisi ya malalamiko ya mkoa mzima, mtu hajalipia kifurushi anampigia yeye, panya katafuna waya anampigia yeye, mtangazaji kavaa nguo isiyompendeza mtu, anapigiwa yeye. Alijibu zote. Tulimwambia zima hiyo simu, akasema nikiizima watapanda.

Alitimiza umri wa kustaafu tarehe 14 Aprili 2023, na familia ilikuwa imejiandaa, seremala alitengeneza kiti kirefu cha kujinyoosha, mbao ngumu, mgongo umelazwa vizuri, akakiweka barazani na kukigeuza kielekee barabarani ili aketiye asikione kilima hata kwa bahati mbaya. Kumbe shirika lilikuwa limepanga kubadilisha masafa ya mtambo mwezi Oktoba, likamwomba aongeze miezi michache tu ya mkataba, na hapo binti yake alipiga simu akiwa amekasirika, akamwambia mama, sema hapana, neno fupi hilo, jaribu. Dada akajibu kwamba masafa yakibadilika kila mtu ataamka akute runinga yake ni nyeusi, atadhani imekufa, na Bwana Busta atajenga ghorofa, basi wacha amalize hili moja halafu ashuke akiwa na roho safi. Hakuna aliyemlazimisha, hilo tuliseme kwa haki, ila mtu aliyeombwa maisha yake yote mdomo wake huwa haujui tena kutamka hapana.

Masafa yalibadilishwa Jumamosi tarehe 14 Oktoba 2023, mji mzima ukakosa picha kama alivyosema, na mji mzima ukaskani upya kama alivyowafundisha, na siku ile alipokea simu hadi sauti ikakauka. Wachache waliomwona kipindi hicho wanakumbuka kwamba alikuwa akipumzika njiani mara kwa mara akipanda, anakaa juu ya jiwe, anashika kifua, na ukimuuliza anasema ni uzee huo, wewe subiri zamu yako. Mficha maradhi kifo humuumbua, walisema wahenga, lakini sisi tunaamini hata yeye mwenyewe hakujua kama anaficha, alikuwa amechoka muda mrefu kiasi kwamba uchovu mpya haukuonekana ndani ya ule wa zamani.

Mpokezi wake alifika mwisho wa Novemba, fundi mtu mzima, mwenye mke na watoto, na alikuja na lori lililojaa kitanda, kabati, friji, masufuria na tenga la kuku, na dada alipoviona vile vyombo vinateremshwa alicheka mpaka akashika uzio, akasema huyu hawakumwambia kwa muda. Alimkabidhi funguo tarehe 30 Novemba, akamwonyesha mlango unapogoma, akamwonyesha jenereta inapopenda kupigwa teke, akabeba begi lake, akashuka na mumewe wakishikana mikono kama wachumba, na seremala anasema chini ya kilima aligeuka mara moja tu, akasema kumbe ni kifupi hivi.

Sasa familia inaomba uvumilivu wenu, maana sehemu hii ni ngumu kuisoma. Dada alifika nyumbani, akaoga, akajinyoosha kwenye kiti kile barazani, akalala. Akaamka akala kidogo, akalala tena. Siku zikaenda, yeye ni kiti na kitanda, kitanda na kiti, anaongea kwa sauti ndogo ambayo hatukuwahi kuisikia kwake, na sisi sote tulifurahi. Tulifurahi, ndugu zangu. Tulikuwa tumeingoja siku hiyo kwa miaka na miaka, tukamwona mtu hanyanyuki kwenye kiti tukasema hatimaye anapumzika, tukawa tunatembea kwa vidole, tukawanyamazisha watoto wa jirani, mumewe akahamisha msumeno wake ili akatie mbao nyuma ya nyumba. Bwana Busta alichukua simu ya marehemu kwa ridhaa yake, akabandika tangazo dukani kwamba mwenye tatizo la picha aje kwake, asimsumbue mama, akazunguka mwenyewe kuchomoa busta alizowauzia, ingawa tusidanganyane msibani, fedha ya mtu hakurudisha. Wageni wakija kumsalimu tuliwaambia mlangoni, taratibu, mwacheni apumzike.

Binti alikuja likizo tarehe 27 Desemba, akaingia barazani na mzigo wake bado begani, akamsalimia mama yake, akapiga magoti kumshika miguu, akabonyeza kidole juu ya kifundo, na shimo la kidole likabaki pale halirudi. Akamshika mkono akahesabu mapigo, akamuuliza unalala mito mingapi mama, mama akasema naketi tu, nikilala nakosa pumzi. Kisha binti akamgeukia baba yake, na sisi wote tuliokuwa tumesimama na nyuso za furaha, akasema huyu hapumziki, huyu anaumwa. Hakupaza sauti, na ingekuwa afadhali angepaza.

Alipelekwa hospitali siku hiyohiyo, madaktari wakakuta moyo umepanuka na umechoka, wakasema tatizo si la mwezi huo wala wa kabla yake, akaanza matibabu na kwa majuma kadhaa akapata nafuu ya kututia moyo. Runinga ya wodini haikuwa na picha, kama mnavyotegemea, na wauguzi walikuwa wameshaagiza mpya, dada akanyoosha shingo kutoka kitandani, akaona kifaa anachokijua kinawaka taa nyuma yake, akasema chomoeni hicho kidude wanangu, halafu skani upya, na wodi nzima ikatazama taarifa ya habari. Siku aliyomwona seremala analia kwenye korido alimwita, akamwambia yeye hana kinyongo na mtu, hata hao wa makao makuu, lakini amekasirika, anaomba aruhusiwe kukasirika, kwa sababu kile kiti alikuwa amekipenda. Binti alikuwa pale, na ndiye aliyetuomba tusome maneno yake, kwamba mama alikuwa wa digitali, hakutoa chenga hata moja, na kwamba sisi tuliokaa naye tusijiadhibu sana, ila kuanzia leo tusimwamini mtu anayesema hajambo kwa sababu tu sura yake ni safi.

Hali ilibadilika tarehe 4 Februari 2024, na Jumanne tarehe 6 Februari, saa nne asubuhi, mumewe akiwa upande mmoja na bintiye upande wa pili, dada yetu aliaga dunia akiwa na umri wa miaka sitini. Ameacha mume, watoto wawili, ndugu watatu, na mji ambao kwa mara ya kwanza haujui umpigie nani.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi ile, ambao walipambana na walitueleza kila kitu kwa lugha ya kueleweka, na daktari mmoja alipoona hatuelewi alichora moyo kwenye kiganja cha seremala kwa kalamu, na seremala hakunawa mkono huo siku nzima. Tunawashukuru majirani mliopika, mliochota maji, mliolala sakafuni kwetu tangu Jumanne, na wewe Bwana Busta, uliyeleta turubai, vipaza sauti na viti, na hatujakuuliza bei kwa sababu tunaogopa jibu. Tunawashukuru wafanyakazi wenzake waliosafiri kutoka makao makuu, ambao jana walikuja na wazo la heshima, kwamba leo wakati wa kumzika mtambo uzimwe kwa dakika moja, mkoa mzima ukae kimya kwa ajili yake. Familia ilikaa, ikalijadili, na imekataa. Watu wangeamka kwenye viti wakagonge runinga, wangepanda mapaa, na simu yake, ambayo Bwana Busta ameirudisha, ingeanza kulia pale ndani, na sisi tungeshindwa kujua tumjibu nani na nini. Fundi aliyempokea hayupo nasi hapa, yuko juu na mtambo, ameomba radhi, tumemwambia huko ndiko anakomzika.

Neno ambalo historia za namna hii humalizikia mnalijua, na familia imeliogopa tangu Jumanne, kwa sababu sisi tulishalitumia kabla ya wakati wake, tukiwa tumesimama mlangoni na kidole mdomoni, yeye akikosa pumzi ndani. Tulitaka tuliache. Ni seremala aliyesema lisomwe, kwamba alilitaka maisha yake yote na hakuna wa kumnyima, na kwamba safari hii, kwa bahati mbaya, hatuwezi kukosea.

Dada, picha ni nzuri nyumba zote, na hakuna anayekuita. Pumzika sasa kweli, kwa amani.